Fidia au Kifuta Jasho?

Alfajiri moja ya kiangazi, katika nyanda za Simanjiro zilizo mashariki ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, nilisimama kando ya boma la mzee mmoja wa Kimaasai pamoja na watu wapatao kumi, wote wameinamisha nyuso na hapana aliyesema neno. Mtamba wa rangi ya majivu, mwenye mimba yake ya kwanza, alikuwa amelala ubavu hatua thelathini nje ya ua wa miiba, shingo imepinda kuelekea mgongoni, na chini ya taya palikuwa na matundu manne ya meno ambayo damu yake ilikuwa imekwisha ganda na kuwa nyeusi. Tumbo lilikuwa wazi, na paja moja halikuwako tena. Ua ulikuwa umebomoka mahali pamoja tu. Hakuubomoa simba. Waliubomoa ng'ombe wenyewe, kwa kuwa simba aghalabu hujiweka upande utokako upepo ili harufu yake iwafikie walio ndani, nao kwa hofu huukimbilia ukingo wa pili, wakausukuma ua kwa vifua mpaka ukaachia, wakatoka gizani kwa miguu yao na kumfuata yule waliyekuwa wakimkimbia. Bibi mwenye nyumba, ambaye vijana walimwita yeyo, alikuwa akiwapitia waliosalia mmoja mmoja kwa rangi na mabaka yao, maana Mmaasai wa kale hapendi kuhesabu mifugo yake kwa tarakimu; anamjua aliyekosekana kama mzazi amjuavyo mtoto asiyekuja kula.

Mzee alinigeukia, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Mwanangu, simba yule ni wa Serikali. Nikimwua, nafungwa. Je, mtamba huyu naye alikuwa wa nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale pale, na tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta katika vitabu vya sheria, katika hadithi za nchi nyingine, na katika maneno ya lugha yetu wenyewe, ambayo mara nyingi yana siri kubwa kuliko vitabu vya sheria.

Mzee alisema kweli tupu kuhusu simba. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1974, inasema kwamba wanyamapori wote wa Tanzania ni mali ya umma, nao wamewekwa mikononi mwa Rais awe mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Simba, kwa hiyo, si mnyama asiye na mwenyewe kama walivyodhani wazee wa zamani. Ana mwenyewe, na mwenyewe huyo ana askari, ana mahakama, na ana hazina ambayo huingiza fedha nyingi za kigeni kutokana na wageni wanaokuja kumtazama simba huyo huyo. Miaka miwili baada ya sheria hiyo, yaani mwaka 2011, zilitungwa kanuni za kumpa kitu mwananchi aliyeuawa jamaa yake, aliyejeruhiwa, aliyeharibiwa shamba au aliyeuliwa mfugo na mnyama wa hatari. Ndipo yalipoingia katika lugha ya ofisi majina mawili ambayo leo yanajulikana katika kila kijiji kinachopakana na hifadhi: kifuta machozi, kwa ajili ya kifo na majeraha, na kifuta jasho, kwa ajili ya mazao na mifugo.

Msomaji ayatazame vema majina hayo. Mtunga kanuni alikuwa na neno fidia karibu naye, neno kongwe lililotujia kwa Kiarabu, ambalo maana yake ya asili ni kitu kinachotolewa kukomboa kitu kingine. Waislamu hulikumbuka kila Idi ya kuchinja, kwa kisa cha Nabii Ibrahimu aliyepewa mnyama awe badala ya mwanawe. Na hulitumia tena katika Ramadhani, kwa mzee au mgonjwa asiyeweza kufunga, ambaye hulisha maskini kwa kila siku iliyompita. Katika matumizi yote hayo fidia ina mizani: hiki kwa kile. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 24, inalitumia neno hilo hilo inapomlinda mtu asinyang'anywe mali yake pasipo kulipwa kinachostahili. Na ndiyo sababu barabara inapopita katika shamba la mtu, mthamini huja kuhesabu minazi na miembe yake, mti kwa mti, na kijiji kizima husema kwamba fulani anangoja fidia. Lakini simba alapo mtamba, neno hilo huwekwa kando kwa makusudi. Anayefutwa jasho hakulipwa, amepozwa. Kumfuta mtu jasho ni tendo la hisani, na mwenye kufanya hisani hana deni, wala haulizwi kwa nini amefanya kidogo au kwa nini amechelewa. Serikali yenyewe haifichi jambo hili: mara nyingi Bungeni, mbunge aliposimama kulalamika kwamba malipo ni madogo, jibu lilikuwa kwamba hayo si fidia, bali ni kifuta jasho.

Siwashuku waliochagua neno hilo kwamba walikuwa na nia mbaya. Nchi ambayo imetenga sehemu kubwa ya ardhi yake kwa ajili ya wanyama, ikiwa na tembo wasiojua mpaka na fisi wanaozunguka kila usiku, ingeweza kuogopa kwa haki kabisa kufungua mlango wa madai usiofungika. Hata hivyo hofu ya deni haiondoi deni, na mwenye mali ndiye mwenye dhima ya madhara ya mali yake. Jambo hili watu wa pwani na bara walilijua kabla ya wanyamapori kuandikiwa sheria yoyote.

Jambo hilo liko katika kisa maarufu cha Daudi na Suleiman, ambacho madarasa yetu yamekisomesha vizazi na vizazi. Kondoo wa mtu mmoja waliingia usiku katika shamba la mwenziwe wakalimaliza. Wafasiri wanasimulia kwamba Daudi alihukumu kondoo wapewe mwenye shamba. Lakini Suleiman, kijana bado, akaona njia ya insafu zaidi: mwenye shamba awachukue kondoo kwa muda, anywe maziwa yao na kutumia sufi yao, na mwenye kondoo alitunze shamba mpaka mimea irudi kama ilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe mali yake. Hapana mtu aliyefutwa jasho katika hukumu ile. Shamba lilirudi kuwa shamba, na kundi likarudi kuwa kundi.

Leo mfugaji akiruhusu ng'ombe wake kuvuka mpaka wa hifadhi, hata kwa kiu ya mwezi wa tisa, hutozwa faini, na mahakama ina uwezo wa kulitaifisha kundi zima. Simba akivuka mpaka ule ule kuja upande wa pili, mfugaji hujaza fomu. Hapo ndipo shina la uchungu nilioukuta Simanjiro. Nimewasikiliza wafugaji wengi, na walio wengi hawachukii simba kama watu wa mjini wadhanivyo. Wanachochukia ni mpaka ambao sheria yake inauma upande mmoja tu.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa aliyeuawa jamaa yake na 500,000 kwa ulemavu wa kudumu. Kwa mazao zilitazama umbali: aliyelima ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi hakupata kitu, na kadiri shamba lilivyokuwa mbali ndivyo malipo yalivyopanda, kutoka shilingi 25,000 kwa eka mpaka 100,000 kwa aliye mbali zaidi ya kilomita 5, wala hayakuzidi ya eka 5 hata kama tembo walikula ishirini. Hesabu hii ya umbali ina maana yake, kwa kuwa inamwonya mtu asijitie mdomoni mwa hatari kwa hiari yake. Lakini haiulizi nani alitangulia mahali pale, mkulima au mpaka. Na kwa mifugo, kiasi kilichowekwa kilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ambayo ng'ombe yule angepata mnadani. Mtamba mwenye mimba si nyama peke yake: ni ndama wa mwakani, ni maziwa ya watoto, ni karo ya shule ya muhula wa pili, ni mahari iliyokwisha ahidiwa. Daftari la ofisi halina safu ya kuandikia mambo hayo.

Aliyeuliwa mfugo sharti kwanza atoe habari kwa mtendaji wa kijiji, naye ampashe afisa wanyamapori wa wilaya. Kisha mzoga ukaguliwe, fomu zijazwe, thamani ikadiriwe, na karatasi zipande kutoka halmashauri mpaka wizarani, zikingoja fungu la fedha. Jambo lililo gumu kuliko yote ni ithibati. Mnyama gani aliua? Mjuzi huusoma mzoga kama msomaji asomavyo barua. Simba huua kwa kukaba koo au pua, na meno yake huacha matundu mapana yaliyoachana. Chui hukaba koo pia, lakini matundu yake ni membamba zaidi, naye hupenda kuuburuta mzoga mpaka kichakani au kuupandisha mtini. Fisi haui kwa kukaba, hurarua kutoka nyuma, tumboni na katika viwele, akala huku mnyama angali hai, na asubuhi huenda asiache kitu ila doa la damu na manyoya, kwa kuwa hata mifupa huitafuna. Hivyo yule anayeua mara nyingi kuliko wote ndiye anayeacha ushahidi mchache kuliko wote. Siku ile ya Simanjiro afisa alifika kwa pikipiki saa kumi alasiri, amejaa vumbi, mtu mwema aliyetoka mbali na aliyekuwa peke yake kwa vijiji vingi. Tumbusi walikwisha kumtangulia. Alipiga picha ya kwato, fuvu na ua uliobomoka, akaandika maneno ya mashahidi, akamsainisha mzee kwa dole gumba. Mzee aliuliza atalipwa lini. Afisa, ambaye hakutaka kusema uongo, alimjibu kwamba hajui.

Kuna watu wasomi ambao husema kwamba malipo haya yote ni sadaka ya siasa, na kwamba ufugaji una hatari zake kama biashara nyingine yoyote. Kwao ningependa kueleza jinsi serikali za dunia zilivyoanza kulipa wafugaji, maana hazikuanza kwa huruma. Mwaka 1714 tauni ya ng'ombe, ile tuliyoiita sotoka, iliingia Uingereza kutoka bara la Ulaya. Thomas Bates, tabibu wa upasuaji wa Mfalme George wa Kwanza, alishauri ng'ombe wagonjwa wauawe na kuchomwa moto, na mwenye ng'ombe alipwe shilingi 40 kwa kila mmoja. Alikuwa ameelewa jambo moja la maumbile ya binadamu: mfugaji asiyelipwa huficha ng'ombe wake mgonjwa, humwuza usiku kwa jirani, na ugonjwa husafiri pamoja na noti za mauzo. Ng'ombe walioteketezwa walipindukia 5,000, na tauni ikazimwa upesi. Iliporudi mwaka 1865, mwanzoni serikali ilisitasita. Mwaka uliofuata ikabidi itunge sheria ya kuua kwa lazima pamoja na kulipa. Mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipozuka nchini humo, wanyama zaidi ya milioni 6 waliuawa, na hazina ikawalipa wakulima zaidi ya pauni bilioni 1. Marekani nayo, kwa sheria ya kilimo ya mwaka 2014, iliufanya kuwa wa kudumu mpango wa kulipa asilimia 75 ya bei ya soko kwa mifugo iliyouawa na hali mbaya ya hewa, au na wanyama ambao serikali yenyewe imewarudisha mwituni, kama mbwa mwitu wa huko. Katika nchi hizo mkulima hasemwi kwamba ameombaomba.

Sotoka hiyo hiyo ilipopita Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ikafagia karibu ng'ombe wote wa Wamaasai na kufuatwa na njaa na ndui, hapakuwa na mfalme wa kumlipa mtu shilingi 40. Watu walikufa juu ya mifugo yao. Ilichukua zaidi ya karne moja mpaka ugonjwa ule ukatangazwa rasmi kuwa umetoweka duniani, katika mwaka 2011, mwaka ule ule wa kanuni za kifuta jasho. Na kazi ile ya kuutokomeza ilitegemea wafugaji waliokubali kusema kweli kuhusu mifugo yao kwa maafisa waliowaamini.

Sasa tulirudishe somo hilo kwa simba. Mfugaji wa ng'ombe mgonjwa asiyelipwa huficha. Mfugaji wa ng'ombe aliyeliwa asiyelipwa hulipiza. Siku za moran, askari kijana wa Kimaasai, na mkuki wake zilikuwa na mipaka yake, kwa kuwa mtu alihatarisha maisha yake kwa simba mmoja. Lakini sumu ya unga ya kuulia wadudu wa mashambani, inayonunuliwa dukani na kunyunyizwa juu ya mzoga usiku, haina ujasiri wala mipaka. Mwezi wa Februari 2018, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, waliokotwa simba 6 na tumbusi 74 waliokufa kwa sumu mahali pamoja. Tumbusi hawakuua ng'ombe wa mtu. Na mwezi wa Mei 2023, upande wa Kenya, katika nchi inayozunguka Amboseli ambayo ilikuwa imetoka tu katika ukame mkali, simba 10 waliuawa katika muda wa juma moja au zaidi kidogo. Miongoni mwao alikuwa Loonkiito, dume la miaka 19, mmojawapo wa simba wazee zaidi waliopata kujulikana barani, aliyeingia bomani usiku kutafuta chakula ambacho meno yake hayakuweza tena kukipata porini, akapigwa mikuki. Wengine 6 waliuawa karibu na Mbirikani baada ya kuua mbuzi 11 na mbwa. Ukipima thamani ya mbuzi 11 na thamani ya simba 6 kwa mizani ya utalii, utaona kwamba nchi ilipoteza mali nyingi kwa kukosa kulipa kidogo na kulipa upesi.

Kenya imepita njia ndefu katika jambo hili, na inafaa tuitazame kwa sababu ni jirani, na kwa sababu simba wa Amboseli huvuka mpaka kuja Longido bila pasi. Sheria yake ya mwaka 1976 iliruhusu kulipa kwa mazao na mifugo. Lakini mfuko ukaelemewa na madai, mengine ya kweli na mengine ya ulaghai, na mwaka 1989 malipo ya mali yakafutwa, yakabaki ya kifo na majeraha peke yake, kwa viwango vidogo hata vilipopandishwa baadaye kufikia shilingi 200,000 kwa roho ya mtu. Kwa robo karne Mkenya aliyeliwa ng'ombe hakuwa na pa kwenda. Kisha ikatungwa sheria mpya ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, nayo ikasema waziwazi fidia: shilingi 5,000,000 kwa kifo, 3,000,000 kwa ulemavu wa kudumu, na kwa mifugo na mazao bei ya soko. Nazo ni shilingi za Kenya, ambazo wasafiri wa mpaka wa Namanga wanajua zinabadilishwa kwa shilingi ngapi za Tanzania. Katika kila kaunti ikawekwa kamati ya kupokea na kuchunguza madai, yenye wajumbe wa wananchi ndani yake.

Neno liliandikwa vizuri; fedha hazikulifuata kwa mwendo ule ule. Madai yakarundikana mpaka yakafikia mabilioni ya shilingi, sehemu kubwa ikiwa ya watu walioumwa na nyoka, jambo ambalo watunga sheria hawakuwa wamelipima sawasawa, na wajane wakangoja miaka. Wapo wanaotumia mfano huu kusema kwamba Tanzania ilifanya busara kuahidi kidogo. Mimi naona kinyume chake. Mkenya anayengoja ana deni mkononi. Anaweza kwenda mahakamani, anaweza kumwuliza mbunge wake mbele ya watu, na serikali yake hulazimika kuliandika deni hilo katika hesabu zake. Aliyeahidiwa kupanguswa jasho hana pa kulidai.

Iko hoja moja dhidi ya fidia ambayo siwezi kuipita haraka, kwa kuwa ni ya kweli. Mtu anayejua kwamba atalipwa kila ng'ombe aliyeliwa, anaweza kulegea: ua hautengenezi, mtoto wa miaka sita humtuma machungani peke yake, mbwa hana. Sheria ya Kenya iliona hatari hiyo, ikasema kwamba asiyechukua hatua za kufaa kulinda mali yake hatalipwa. Na huko Mbirikani, tangu mwaka 2003, umekuwako mfuko wa watu binafsi na wahifadhi, usio wa serikali, uliotunza jambo hili kwa ustadi: wakaguzi wake ni vijana wa pale pale, hufika siku ile ile mzoga ungali mbichi, aliyekuwa na ua imara hulipwa zaidi, na aliyempoteza mnyama porini kwa uzembe hulipwa sehemu tu, na simba akiuawa kwa kisasi, jamii nzima hupoteza malipo ya kipindi kile, hata jirani akawa mlinzi wa jirani. Fidia ya namna hii haimlegezi mtu. Inamfundisha kujenga.

Na kujenga kwenyewe si jambo la gharama kubwa kama lidhaniwavyo. Pale pale Simanjiro nimeona nyua ambazo badala ya miiba iliyokatwa, inayokauka na kuoza kila baada ya miezi michache na kumaliza miti ya jirani, zina nguzo za miti ya jamii ya manemane iliyopandwa mibichi, ikashika mizizi na kuchipua majani, na kati ya mti na mti umefungwa wavu wa waya. Mti hukua, waya humezwa na gamba, na ua unazidi kuwa imara kadiri unavyozeeka. Simba anaweza kunguruma upande wa upepo usiku kucha. Ng'ombe wataukimbilia ukingo, na ukingo hautaachia. Nililiona boma la namna hiyo mwendo wa saa moja kutoka kwa mzee wangu. Mwenye boma aliniambia kwamba tangu alijenge hajapoteza hata ndama kwa usiku. Laiti sehemu ya fedha za kifuta jasho ingekuwa inatolewa kabla ya jasho kutoka, kwa kumnunulia mfugaji waya!

Ukame ni simba mwingine, na huua wengi kuliko wote. Kwa huo Kenya ilijaribu njia ya bima: ilianza kwa majaribio huko Marsabit mwaka 2010, na mwaka 2015 serikali ikaanza kuwalipia ada wafugaji maskini wa Wajir na Turkana kwa idadi ndogo ya mifugo. Setilaiti hutazama ukijani wa malisho kutoka juu, na malisho yakishuka chini ya kiwango kilichowekwa, malipo hutoka bila mtu kuonyesha mzoga. Hata baadaye ikaamuliwa yatoke mapema, wakati ng'ombe wangali hai, ili mwenyewe anunue majani na dawa. Huko Wajir, ambako watu walihofu kwamba bima ya kawaida ina gharari ndani yake, yaani mashaka yaliyokatazwa katika mikataba, ulitengenezwa mpango wa takafuli unaokubaliana na sheria ya Kiislamu, na malipo yake ya kwanza yakatoka mwaka 2014. Tanzania, baada ya ukame mkali wa mwaka 2009, ilifanya jambo ambalo mimi nalipenda zaidi kwa ubinadamu wake: baadhi ya kaya za Longido, Monduli na Ngorongoro zilizobaki hazina hata mfugo mmoja ziligawiwa ng'ombe. Suleiman angeielewa hukumu hiyo. Aliyepotewa na ng'ombe alipewa ng'ombe, kitu kinachozaa.

Kwa hiyo namjibu mzee wa Simanjiro kwamba mtamba alikuwa wako, na aliyemla ni mnyama wa Serikali, na mwenye mnyama anadaiwa. Nawaomba watunga sheria waliandike neno fidia mahali palipoandikwa kifuta jasho, waweke bei ya mnada, waweke siku ambazo malipo hayatazipita, na waweke sharti la ua imara kwa yule atakayelipwa.

Na wewe uishiye mpakani, mpaka siku hiyo ifike, usiuguse wala kuuburuta mzoga. Ufunike kwa matawi na uweke mtu aulinde dhidi ya fisi na tumbusi. Upige picha kwa simu, matundu ya meno na nyayo, pamoja na kitu kinachojulikana ukubwa wake, kama kiberiti au kalamu. Mwite mtendaji siku ile ile na mashahidi wawili. Na fomu ikiisha kujazwa, udai nakala yake yenye muhuri wa kijiji kabla hujaondoka ofisini.